Maisha ya Marshall Taylor, Mkimbiaji wa Baiskeli



Mwezi wa 9 mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa majirani wetu wa Rwanda, mara ya kwanza kabisa katika Afrika. Siku zile, usiku katika interna, maneno yetu yalikuwa hayo tu. Mmoja akasema kwamba tangu dunia kuumbwa mtu mweusi hajapata hata mara moja kuwa shampio wa dunia wa baiskeli. Wengi wakakubali, na sisi wa buletini tulikubali pia. Kumbe tulidanganyika wote. Wako, na wa kwanza wao alipata ubingwa ule mwaka 1899, wakati babu za babu zetu walikuwa hawajaona kinga hata moja. Tumeona haya kidogo, ndiyo maana tunawaandikia habari zake hapa, hata zile ambazo si tamu.

Jina lake Marshall Walter Taylor. Alizaliwa tarehe 26 mwezi wa 11 mwaka 1878 katika mji wa Indianapolis, inchi ya Marekani. Baba yake Gilbert alikuwa askari katika vita ile iliyomaliza utumwa kule, na nyuma yake akapata kazi ya kuongoza gari la farasi la jamaa moja tajiri ya wazungu, jamaa ya Southard. Jamaa ile walikuwa na mtoto wao Dan, umri mmoja na Marshall. Watoto wale wawili wakapendana sana, mpaka Marshall akakaa kwao miaka karibu 4 kama mtoto wa nyumba. Alivaa sawa na Dan, alisoma pamoja naye, na Dan alipopewa baiskeli, Marshall naye akapewa yake.

Lakini kulikuwa mlango mmoja. Dan na rafiki zake walikwenda kucheza michezo ya viungo katika nyumba ya YMCA, ule umoja wa vijana Wakristo, na Marshall alikatazwa kucheza nao kwa sababu ya ngozi yake tu. Watoto wazungu wakasikitika, wazazi wa Dan wakasikitika, na haikusaidia kitu. Alipokuwa mzee aliandika kwamba pale ndipo aliposikia kwanza uchungu wa jambo lile. Sisi tunaosoma katika masomo ya misheni tusipite mbio juu ya neno hili.

Kisha jamaa ya Southard ikahamia Chicago, na kijana akarudi kwao kwenye umaskini. Baiskeli ilibaki naye. Akaanza kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba, na njiani alijifunza michezo ya ajabu juu ya baiskeli: kupanda kinyumenyume, kusimama juu yake, na mengine. Wenye duka moja la baiskeli wakamwona, wakampa kazi ya kufagia asubuhi na kuonyesha michezo ile mbele ya duka mangaribi ili watu wakusanyike. Alivaa koti la askari lenye vifungo, na watu wakamwita Major, ndiyo cheo cha jeshi. Jina lile lilimshika mpaka kufa.

Mashindano yake ya kwanza yalikuwa mchezo wa kumchekea. Duka lile lilitengeneza mbio za maili 10, karibu kilometa 16, za watu wakubwa. Mwenye duka alimwona kijana kati ya watazamaji, akamvuta mpaka kwenye mstari ili watu wacheke. Kijana akalia. Mwenye duka akamwambia kwa sikio aende kidogo tu, akichoka arudi. Hakurudi. Alifika mbele ya wote, akapita wa pili kwa sekunde 6, akaanguka chini kwa kuchoka, na alipoamka alikuta medali ya zahabu kifuani. Alikuwa na miaka 13 hivi. Akakimbia nayo kwa mama yake.

Mzungu mmoja jina lake Louis Munger, aliyekuwa mkimbiaji mbele na sasa alikuwa mtengenezaji wa baiskeli, alimpenda akamchukua kama mtoto wake. Wengine walimzarau Munger kwa sababu hiyo. Mwaka 1895 wakaondoka pamoja kwenda mji wa Worcester, upande wa mashariki ya Marekani. Kule nyumba ya YMCA ilimpokea bila maneno, akafanya mazoezi ndani yake. Kuna barabara moja ya mlima mkali sana katika mji ule, George Street, na alikuwa akiipanda kwa baiskeli ili kutia miguu yake nguvu. Hakunywa pombe, hakuvuta tumbako.

Sasa tueleze kidogo baiskeli yenyewe, kwa sababu si ile ya kwetu inayobeba makala na mifuko ya mihogo. Baiskeli ya mbio za kiwanja ni nyepesi na haina breki. Gurudumu la nyuma limefungwa moja kwa moja na mnyororo: gurudumu likizunguka, miguu nayo lazima izunguke, hakuna kupumzika. Ukitaka kupunguza mwendo unashindana na pedali kwa miguu. Kiwanja chake kinaitwa velodromu, ni barabara ya mviringo ambayo pembe zake zimeinuka kama ukingo wa sahani. Usipokwenda mbio huko juu utateleza. Taylor alipenda kulala sana juu ya baiskeli, mgongo chini kabisa, na usukani wake ulisukumwa mbele kwa chuma kirefu. Watengenezaji wengine walifuata mfano ule, na mpaka leo chuma kile kinaitwa kwa jina lake.

Mwezi wa 12 mwaka 1896, umri wake miaka 18, alianza kukimbia kwa feza katika jumba la Madison Square Garden, New York. Siku ya kwanza alishinda mbio fupi mbele ya wakubwa wa Marekani. Nyuma yake akaingia katika mashindano ya siku 6. Mtu alizunguka mchana na usiku, peke yake, na kulala ni hesabu yake mwenyewe, kwa maana ukilala wenzako wanaongeza maili. Saa 142 jumla. Siku za mwisho alianza kuona vitu visivyokuwapo. Lakini alimaliza, akawa wa 8, na alikuwa amepita kilometa 2,787. Ndege ikiruka kutoka Goma mpaka Kinshasa na kurudi zaidi ya nusu ya njia, ndiyo kilometa hizo. Baadaye kidogo serikali ya New York ilikataza mtu mmoja kupanda zaidi ya saa 12 kwa siku, na hapo wenye mashindano wakatunga mbio za watu wawili wanaopokezana. Wafaransa wanaziita américaine, na mpaka leo ziko katika Michezo ya Olimpiki.

Tangu mwaka huo alichagua mbio fupi tu. Ndizo zilizomfaa, na ndizo zilizomletea maadui. Umoja mkubwa wa wapanda baiskeli wa Marekani ulikuwa umekataza weusi kuwa washiriki wake tangu mwaka 1894. Kukimbia aliweza, lakini viwanja vya upande wa kusini vilimkataa kabisa, na bila pointi za kule hakuweza kuwa bingwa wa inchi mwaka 1897, hata alishinda namna gani. Ndani ya kiwanja wazungu walipatana kumfunga: mmoja mbele, mmoja pembeni, mmoja nyuma, ili akae katikati kama samaki katika wavu. Mwezi wa 9 wa mwaka ule ule, katika mji wa Taunton, mshindani aliyekuwa nyuma yake alimrukia mbio zilipokwisha, akamwangusha, akamkaba koo mpaka akazimia. Robo saa nzima hakuamka. Yule mtu alilipishwa dola 50, basi, kesi ikaisha.

Dawa ya Taylor ilikuwa moja: kutoka mbele mapema, au kungoja nafasi ndogo na kupenya kama panya. Wengi waliomwona wanasema hakurudisha ubaya. Wamoja katika buletini hii wanasema wao wangerudisha, na hatukupatana juu ya hilo.

Mama yake alikufa wakati ule. Mama yule alikuwa mtu wa maombi, na Marshall alishika maneno yake. Akabatizwa katika kanisa la Baptisti la John Street kule Worcester, mwaka 1898, na akaweka neno kwamba siku ya Mungu hatapanda baiskeli ya mashindano. Si neno la bure. Viwanja vingi vilipata watu wengi zaidi siku ile, kwa maana siku zingine watu wako kazini. Mwaka huo wa 1898 alikuwa mbele katika hesabu ya ubingwa wa Marekani, na mbio zingine zikawekwa siku ya Mungu. Akakataa, akapoteza pointi, na wakimbiaji wenzake wakamfungia kabisa. Ilimpasa kulipa dola 500 mwaka 1900 ili afunguliwe. Na kutoka Ulaya walimwita kwa feza nyingi sana, akakataa pia, kwa sababu kule mashindano makubwa yalikuwa siku ya Mungu.

Tarehe 10 mwezi wa 8 mwaka 1899 alishinda mbio za maili 1 za mashindano ya dunia katika mji wa Montreal, Kanada. Umri wake miaka 20. Kabla yake mtu mweusi mmoja tu alikuwa amepata ubingwa wa dunia katika mchezo wo wote, ndiye George Dixon, mpiga ngumi wa Kanada. Miezi 3 nyuma, kule Chicago, akapanda maili 1 nyuma ya mashini ya mvuke iliyomkata upepo, kwa dakika 1 na sekunde 19. Ukipiga hesabu ni zaidi ya kilometa 73 kwa saa. Motokari nyingi za siku zile zisingemfikia. Mwaka 1900 akawa bingwa wa Marekani.

Kwa feza zake akanunua nyumba nzuri katika mtaa wa wazungu kule Worcester. Majirani walipojua ni nani, walitoa feza ili aondoke. Hakuondoka.

Mwishowe Wafaransa wakakubali sharti lake. Wakaandika katika mkataba kwamba hatapanda siku ya Mungu, na yeye akavuka bahari mwaka 1901. Paris nzima ilitaka kumwona na Edmond Jacquelin, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1900. Tazameni namna walivyotafuta siku. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 16 mwezi wa 5, siku kuu ya Kupaa, kwa hiyo watu hawakuwa kazini. Ilikuwa baridi, Taylor hakupenda baridi, na Jacquelin akamshinda mara mbili mfululizo. Mara ya pili ilikuwa tarehe 27, kesho yake Pentekoste, ambayo Wafaransa wanapumzika pia. Jua lilitoka. Taylor akamshinda Jacquelin mara mbili, na watu wa Paris wakampigia makofi mtu mweusi aliyemwangusha mtu wao. Mwaka uliofuata akarudi: kati ya mashindano 57 alishinda 40.

Alipanda Ujerumani, Italia, Denmark, na Ubelgiji pia, hata katika mji wa Antwerpen. Hapa tusimame kidogo, hata kama si habari ya mbio. Mpira wa gurudumu wenye pumzi ndani ulianza mwaka 1888 kwa Dunlop, na toka siku hiyo Ulaya na Marekani walitafuta raba kama watu wenye kiu. Raba ya kwetu Kongo, wakati wa Leopold wa pili, ilikuwa ikishushwa na kuuzwa Antwerpen. Tunajua kutoka kwa mwalimu wetu wa historia namna raba ile ilivyopatikana: vijiji vilichomwa, wanawake walishikwa rehani, mikono ilikatwa. Basi mwaka 1901 Wabelgiji walilipa feza kumwona mtu mweusi akikimbia juu ya raba na wakamshangilia, na mwaka ule ule mtu mweusi mwingine alikuwa msituni na kikapu chake cha raba na hofu yake. Wote wawili hawakujuana.

Tuendelee. Mwaka 1902 akaoa Daisy Morris. Wakaenda Australia mara mbili, wakapokewa vizuri, na mtoto wao mmoja tu alizaliwa katika mji wa Sydney mwaka 1904, wakamwita Rita Sydney. Lakini katika safari ile ya pili Wamarekani wazungu walikuwako nao, na kule kufungwa kiwanjani kukaanza upya. Waliporudi Marekani wakashuka San Francisco, na hoteli na nyumba za chakula zikawakataa, yeye na mke na mtoto mchanga mikononi. Mtu aliyetoka kushangiliwa na maelfu alizunguka mji mzima akitafuta chakula. Akafika nyumbani, mwili na moyo vimechoka, na kwa zaidi ya miaka 2 hakushindana. Wenye mikataba wa Ulaya wakamshitaki.

Alirudi Ufaransa mwaka 1907, mzito zaidi, na siku zingine bado alishinda. Na hapa tunafika kwenye neno ambalo wahubiri wanaotaja jina lake wanaliacha. Katika miaka ya mwisho ya mbio zake alikubali kupanda siku ya Mungu. Feza zilikuwa zinapungua, miguu pia, na wenye viwanja hawakuwa tena na haja ya kumbembeleza. Barua zake za wakati ule kwa mke wake zinaonyesha mtu aliye peke yake mbali na nyumbani. Tulibishana sana kama tuandike jambo hili. Wengine walisema litavunja moyo wa wadogo wa kalasi ya kwanza. Wengi wakasema kwamba mtu aliyeshika neno lake zaidi ya miaka 10, akikataa feza ambazo sisi hatutaziona hata katika ndoto, hatupaswi kumficha kwa sababu ya mwisho wake. Tumeandika.

Mwaka 1910 akaacha, umri wake miaka 31. Alikuwa na akiba nzuri na alitaka kusoma. Akaomba nafasi katika chuo kikuu cha mainjinia cha Worcester, mji wake mwenyewe, mahali ambapo kila mtoto alijua jina lake. Wakamkataa. Safari hii hawakutaja ngozi. Walisema hana diploma ya masomo ya sekondari. Na ni kweli hakuwa nayo, kwa sababu miaka ambayo wenzake walikaa kalasini yeye alikuwa dukani na viwanjani. Ninyi wa kalasi ya sita mnaongojea mitihani ya Leta mtaelewa neno hili kuliko sisi.

Bila shule akajaribu mwenyewe. Alitunga namna ya gurudumu la motokari lenye springi za chuma mahali pa pumzi. Haikufaulu, na feza nyingi zikapotea humo. Akajaribu kazi zingine, nazo zikaanguka. Akauza vitu vya nyumbani, kisha nyumba yenyewe. Aliandika kitabu kikubwa cha maisha yake, kikatoka mwaka 1928, akakilipia mwenyewe, na akaanza kukiuza mlango kwa mlango, sawa na magazeti ya utoto wake. Mwaka 1929 feza za Marekani zote zikaanguka, nani angenunua kitabu? Mke wake akamwacha. Akaenda Chicago na vitabu vyake, akalala katika chumba cha YMCA, ndiyo, umoja ule ule. Akafa tarehe 21 mwezi wa 6 mwaka 1932 katika hospitali ya mji, upande wa wale wasio na kitu. Alikuwa na miaka 53. Hakuna aliyekuja kuchukua maiti, akazikwa katika kaburi la maskini lisilo na jina.

Mwaka 1948 wakimbiaji wazee, waliokumbuka, walimtafuta. Frank Schwinn, mwenye kiwanda cha baiskeli, akatoa feza, wakamfukua na kumzika mahali pazuri zaidi, wakaweka bamba lenye jina lake. Mwaka 1982 mji wa Indianapolis, ambao viwanja vyake vilimfukuza alipokuwa kijana, ulijenga velodromu na kuipa jina Major Taylor. Worcester walimsimamishia sanamu mwaka 2008, mbele ya nyumba ya vitabu ya mji, na kila mwaka watu hushindana kupanda mlima wa George Street.

Velodromu ile ya Indianapolis inatunzwa na chuo kikuu kimoja cha pale, Marian, na timu yake ya baiskeli ni kati ya zile zilizoshinda mara nyingi zaidi katika mashindano ya vyuo vya Marekani. Ni wanafunzi kama sisi: asubuhi wanasoma, kisha wanapeleka baiskeli zisizo na breki kwenye kiwanja, na wamoja wanalipiwa sehemu ya masomo kwa sababu ya mbio zao. Mwanzoni tulitaka kuandika habari za timu ile tu, kwa sababu mwalimu mmoja alitusimulia habari zake. Tulipotafuta kiwanja chao kilipata wapi jina, tukamkuta Taylor, na karatasi zikaisha.

Wenye kutaka kuona picha yake, amelala juu ya baiskeli na usukani ule mrefu, tumeibandika katika ubao wa matangazo karibu na ofisi ya prefe. Tafadhali msiitoe.